Msumari Usio na Picha

Castory aliiona picha ya mama yake kabla sijaifunika, na kwa namna alivyoliweka chini lile boksi la samaki nilijua siku yetu imekwisha kuharibika.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Alikuwa ametoka moja kwa moja Mtera, anakofanya kazi ya kupima kina cha maji ya bwawa, na kama kawaida yake alikuwa amenifungia perege kwenye barafu akapitia kwangu Chang'ombe kabla ya kwenda kwake Nzuguni. Hatukuwa tumeonana kwa wiki mbili. Asubuhi ile nilisugua kucha zangu kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga mpaka ngozi ikawaka, kwa sababu nilitaka anishike mkono bila kukutana na wino. Kumbe nilihangaika na kucha, picha nikaisahau juu ya meza.

Chumba changu cha kazi ni fremu moja ya duka, katikati ya saluni na karakana ya Masudi, fundi wa kuchomelea. Kamba za kuanikia karatasi zimekatiza toka ukuta hadi ukuta. Nyuma kabisa ipo mashine yangu ya kuchapia, ambayo mpaka mwaka juzi ilikuwa mashine ya kukamulia miwa. Masudi ndiye aliyeibadilisha. Alizivalisha rola zake bomba laini la chuma, akaiongezea meza ya kupitishia ubao, akanikabidhi akisema kwamba sanaa ikinishinda nirudi kwenye juisi. Hadi leo wapo watu wanaochungulia mlangoni na kuulizia glasi moja ya baridi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza, ingawa nimeieleza mara nyingi bila kueleweka. Nachora juu ya ubao. Nachonga kwa patasi ndogo sehemu ninazotaka zibaki nyeupe. Napaka wino, nalaza karatasi juu yake, napitisha kwenye mashine. Kinachobaki kwenye karatasi ndicho chapa. Jumamosi ile, siku mbili tu mbele, chapa zangu kumi na moja zilikuwa zinakwenda kutundikwa kwenye ukumbi mmoja mjini, katika maonesho ya kwanza yenye jina langu peke yangu. Zote zilikuwa nyuso za wanawake wakiwa katikati ya kazi zao. Ya katikati ndiyo hii aliyokuwa anaitazama Castory.

"Huyu ni mama," alisema.

"Ndiyo."

"Umemchora na kovu."

Alijua nimeisikia sauti yake ilivyoshuka.

Mama yake, Evodia kwa jina lake mwenyewe, alikuwa na kovu la moto lililoanzia kwenye sikio la kushoto likateremka hadi pembeni mwa mdomo. Ungeweza kumjua mwaka mzima na usilione vizuri. Kanga yake ilikuwa daima imefungwa kichwani na kuvutwa upande ule, na popote alipokaa alichagua kiti ambacho wageni wangeuona upande wa kulia. Katika picha zote zilizokuwa ukutani Nzuguni alikuwa ametazama pembeni, kama mtu anayeitwa na jirani. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia aache.

"Nina miaka thelathini na moja, Loi," Castory alisema. "Sijawahi kumuuliza mama kuhusu lile kovu. Hata mara moja. Wewe umemjua miezi minne, unakwenda kumtundika ukutani watu wamtazame."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa na haki ndani yake. Nilijaribu kumweleza ilivyokuwa. Ilikuwa mwezi wa nane, siku za upepo, nami nilikuwa nimekwenda Nzuguni kumsaidia mama yake kuchambua maharage. Alikuwa amekaa kwenye mlango wa uani na ungo mapajani, ananisimulia jinsi marehemu mume wake alivyoogopa bata. Upepo ukaja ukaichukua kanga kichwani. Mikono yake ilikuwa imejaa maharage, na kichekesho chenyewe kilikuwa hakijaisha, kwa hiyo hakuiokota. Alicheka na uso wake wote. Nilikuwa sijawahi kuuona uso ule mzima, na nilijua nisipouweka mahali siku ile ile nitaupoteza. Nilirudi Chang'ombe nikachukua ubao mpya, nikachora moja kwa moja, bila hata kufanya mazoezi kwenye karatasi. Kisha nikachonga kwa siku tisa.

Castory alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa bado kwenye picha, na kwa kitambo kidogo nilidhani amelainika, kwa sababu nilimwona akiutazama mdomo ule unaocheka. Kisha akainamisha kichwa, akausogelea zaidi.

"Na hata si upande huo," alisema taratibu. "Kovu la mama liko kushoto. Wewe umeliweka kulia."

Niliitazama picha.

Chochote unachokichonga kwenye ubao hutoka kwenye karatasi kimegeuka, cha kushoto kinakuwa cha kulia. Ni jambo la kwanza kabisa kufundishwa. Kabla ya kuchonga uso wa mtu unaugeuza kwanza mchoro, ndipo karatasi iurudishe kama ulivyo. Mimi, kwa haraka ya kutaka kuukamata uso wa mama yake, nilikuwa nimeuchora ubaoni kama nilivyouona. Siku tisa za kuchonga, siku tatu za kuitazama chapa ya kwanza ikiwa imeanikwa kwenye kamba, na sikugundua. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na aliyelibaini ni mpima maji wa Mtera.

"Nimekosea," nilisema. "Nilisahau kugeuza."

"Basi tumshukuru Mungu. Una sababu ya kuiondoa."

Alinisogelea. Nilimwona akijaribu kuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu zaidi kwangu kuliko hasira. Alinikumbusha mambo niliyoyajua. Baba yake mkubwa, huko Mbinga, alikuwa amekubali kuandika barua ya posa ije kwetu Mvumi mwezi ujao. Kilichobaki ni neno la mama yake, na mama yake alikuwa bado analitafuna. Alitaka mkwe mwalimu, au muuguzi, mtu ambaye kazi yake ukiitaja kanisani watu wanaelewa. Castory alikuwa ametumia miezi minne kumbembeleza. Sasa alichoniomba kilikuwa kidogo tu: niiweke ile picha kabatini, pamoja na ubao wake, mpaka ndoa ipite. Baada ya hapo tungeona.

"Hatajua," alisema. "Hakuna atakayeumia. Tundika nyingine pale katikati."

Aliunyoosha mkono wake. Ulikuwa ule mkono niliousubiri wiki mbili, una harufu ya maji ya bwawa na ndimu aliyonawia harufu ya samaki. Ilinibidi niifiche mikono yangu nyuma, kwa sababu nilijua akinigusa nitasema ndiyo.

"Nitampelekea aione," nilisema. "Kesho asubuhi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema hapana, nitaukwaruza ubao mbele yake na picha nitamwachia. Hakuna atakayeiona tena."

"Na akikukataa wewe?"

Mimi si mtu wa maneno mengi. Shuleni nilikuwa nikiitwa kujibu swali, jibu linakauka mdomoni ingawa ninalijua. Lakini siku ile lilitoka, polepole, na sikulirudisha.

"Casto, nikiificha sasa hivi, nitaingia nyumbani kwenu nikiwa na kitu kabatini. Kila mama yako atakaponikaribisha chakula nitakikumbuka. Afadhali anikatae ananijua."

Akaugeukia mlango, akaondoka bila kunishika mkono, na boksi lake akaliacha pale pale sakafuni.

Nilisimama mpaka sauti ya pikipiki yake ikaisha. Masudi akajitokeza mlangoni, miwani yake ya kuchomelea ikiwa imepandishwa juu ya paji la uso.

"Dada Loisi, ukuta huu ni wa tofali moja," alisema. "Nimejitahidi kupiga nyundo nisisikie, nimeshindwa. Sina la kusema. Ila hao samaki hawajagombana na mtu."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nikampa nusu ya samaki.

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi nilichukua bajaji hadi Nzuguni, picha nimeibana katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Ubao wenyewe nilikuwa nimeutia kwenye mfuko pamoja na msumari mkubwa wa kuukwaruzia. Castory alikuwa hayupo, alikwenda mjini kufuatilia vipuri vya pikipiki. Nadhani alikwenda ili asiwepo.

Mama Evodia alikuwa uani anafagia. Kanga ilikuwa mahali pake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kufagia, akayashusha macho yake kwenye vidole vyangu, kama alivyofanya siku ile ya kwanza Castory aliponitambulisha. Siku ile aliniuliza kama nafanya kazi gereji. Nilipomwambia nachonga picha kwenye mbao, alisema "Mbao," kisha akanyamaza, na tangu hapo jina langu likawa binti wa mbao.

Jirani mmoja alipita njiani akamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, naye akamjibu "nzuri" kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu ambaye hana mpango wa kujifunza lugha ya ugenini.

"Castory amesema unakuja," aliniambia. "Hakusema unaleta nini. Amekunywa chai akiwa amesimama. Mmegombana?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya hiki."

Niliomba akae. Akakaa kwenye kigoda, upande wake wa kulia umenielekea. Nilifungua plaiwudi, nikaiinua picha mbele yake, nikaiegemeza kwenye magoti yangu.

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yetu. Nilianza kueleza habari ya maharage na upepo, akauinua mkono wake kidogo tu, nikanyamaza. Alitazama kwa muda ambao sitaweza kuukadiria. Kisha akainuka, akaingia ndani, na mimi nikabaki uani na picha magotini nikijiambia kwamba yamekwisha, kwamba sasa nitoe ubao na msumari niwe tayari.

Alirudi ameshika kioo kidogo cha duara, cha zamani, kingo zake zimeliwa na kutu. Alikaa. Akajitazama kwenye kioo, akaitazama picha, akajitazama tena.

"Nani alikuingiza chumbani kwangu?" aliuliza.

"Sijawahi kuingia chumbani kwako, mama."

"Basi umeniona wapi hivi? Watu wote kovu langu wanaliona huku." Aligusa shavu la kushoto, juu ya kanga. "Mimi ndiye ninayeliona upande huu wa pichani. Asubuhi, kwenye kioo hiki, kabla sijafunga kitambaa. Huyu uliyemchora si Evodia wanayemwona watu. Ni yule ninayemwona mimi."

Nilielewa alichokuwa anasema, na moyo wangu ulitaka niunyamazie ukweli. Ingekuwa rahisi sana kumwambia kwamba nilikusudia. Angenistahi. Angeniona mtu mwenye akili kubwa.

"Mama, nilikosea," nilisema. "Picha zetu hutoka zimegeuka. Nilitakiwa kuugeuza uso kwanza kabla ya kuchonga, nikasahau kwa sababu ya haraka. Castory ndiye aliyegundua, jana."

Alinikazia macho. Kisha kitu kikapita usoni mwake ambacho nilikuwa nimekiona mara moja tu, siku ya bata.

"Ungeweza kunidanganya," alisema.

"Ningeweza."

"Ningekubali kabisa."

Alikiweka kioo mapajani. Akaanza kusimulia huku anautazama ufagio wake, wala si mimi. Alikuwa na mwaka mmoja kwenye ndoa. Mafuta ya taa waliyonunua yalikuwa yamechanganywa na petroli, taa ikamlipukia. Alipotoka hospitali alikuta mume wake ameondoa kioo pekee kilichokuwemo nyumbani. Alimwonea huruma, hakutaka ajione. Dada za mume wake nao wakamshauri asiwe anatoka mchana mpaka watu wazoee. Miezi minne hakuwahi kujiona. Aliujua uso wake kwa vidole tu, na kwa namna watu walivyogeuza macho.

"Nikaenda gulioni," alisema, "nikanunua hiki. Nikakificha kwenye gunia la kahawa. Kila asubuhi akienda shamba nakitoa, najitazama, nakirudisha. Yeye ananificha mimi, mimi namficha kioo. Na alinipenda yule mwanamume, usidhani hakunipenda."

Nilitamani kumshika mkono lakini sikuthubutu.

"Castory anasemaje kuhusu hii picha?"

Sikutaka kumsemea mwanawe vibaya.

"Anataka ifichwe," alisema yeye mwenyewe. "Nimemzaa, namjua. Wanaume wa nyumba hii huruma yao ni ya kuficha vitu." Akakigeuza kioo mapajani. "Zimechapwa ngapi?"

"Hii moja tu. Nasubiri neno lako. Ukikataa, ubao nimekuja nao, nitauharibu hapa hapa."

"Na huko ukumbini?"

"Msumari wake upo katikati. Utabaki mtupu mpaka useme."

Aliichukua picha kutoka magotini mwangu, kwa kingo, kama anavyoshika ungo wenye unga.

"Iache hapa," alisema. "Ubao wako rudi nao. Sijasema ndiyo, binti wa mbao. Nimesema iache."

* * *

Jumamosi saa saba mchana, saa moja kabla ya kufungua milango, Mwalimu Batholomeo aliniuliza kwa mara ya tatu ni lini nitaujaza ule msumari. Ndiye aliyenifundisha kuchonga chuoni, na ndiye aliyeupata ukumbi baada ya kupiga hodi kwenye ofisi nyingi. Alikuwa na haki ya kukasirika. Picha kumi zilikuwa ukutani, tano huku na tano kule, na katikati, mahali ambapo mtu akiingia macho yake hutua kwanza, palikuwa na msumari na kivuli chake.

Aliniambia kwamba wageni watadhani tumeishiwa. Akanionesha chapa ya mama muuza karanga, nzuri, iliyofaa kabisa pale. Nilimwambia hapana. Akaniambia kwamba msanii mchanga hana anasa ya kuacha ukuta mtupu katika maonesho yake ya kwanza. Nilimwambia najua, mwalimu, na pale ni pa mtu.

"Na asipokuja?"

"Patabaki hivyo hivyo mpaka siku ya mwisho."

Alinitazama juu ya miwani yake kana kwamba mtu mwingine amekaa mahali pangu, akaenda kupanga viti.

Asubuhi ile sikusugua kucha. Nilikuwa nimeamkia kwenye mashine kuchapa kadi za majina ya picha, na wino uliingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Niliamua uwepo.

Watu walianza kuingia saa nane. Walikuja wanafunzi, wafanyakazi wa maofisini waliovaa nguo za Jumamosi, akina mama wawili wa kwaya yetu. Masudi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, anamweleza kila aliyesimama karibu kwamba mashine ni ya kwake. Wengi walikwenda moja kwa moja kwenye ule msumari. Walisoma kadi yake, ambayo niliiandika jina moja tu, Evodia, wakatazamana. Binti mmoja wa chuo akaniuliza kama ni sanaa ya kisasa.

"Msumari huu una mwenyewe," nilimjibu. Watu wa karibu waligeuka kusikiliza, na masikio yangu yakapata moto, lakini niliendelea. "Nimemchora bila kumwomba. Sasa nasubiri aniruhusu. Akikataa, mtakuwa mmeona msumari."

Castory alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Alikuwa na shati la bluu nililomnunulia, na uso wa mtu ambaye hakuwa amelala. Tulitazamana kupitia vichwa vya watu. Kisha akaja, akasimama kando yangu, tukautazama wote wawili ukuta ule mtupu.

"Jana jioni aliniuliza ni nani aliyetaka picha ifichwe," alisema chinichini. "Nikamwambia ni mimi. Hajaniongelesha tangu hapo. Amejifungia nayo chumbani. Leo nilimwomba tuje wote, akanijibu mlango ukiwa umefungwa: nenda."

"Pole."

"Nilidhani namlinda, Loi. Na wewe nilidhani nakulinda. Akikataa ile barua, mimi nitakuja Mvumi kwa miguu yangu, nikae mlangoni kwa baba yako mpaka apatikane mtu wa kunisemea. Nilitaka ulijue hilo kabla hatujajua lingine."

Niliyafumba macho kidogo ili maneno yake yakae vizuri ndani.

Nilipoyafumbua, ukumbi ulikuwa umepungua sauti.

Mama Evodia alikuwa ameingia. Alikuwa anatembea katikati ya watu bila haraka, amevaa gauni lake la kanisani, na mikononi amepakata kitu bapa kilichofungwa kwa kanga. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini alionekana mgeni machoni mwangu. Kanga ile ilikuwa ni ile ile ya kila siku, ya kichwani. Alikuwa ameifungia picha, na kichwa chake kilikuwa wazi. Nywele zake fupi zenye mvi zilikuwa zimechanwa. Kovu lake lilikuwa pale, kushoto, kwenye mwanga wa dirisha kubwa, na kila aliyekuwemo alikuwa analiona.

Castory alipiga hatua moja mbele kwa mazoea, kama mtu anayetaka kusimama upande ule amzibe. Nilimshika mkono wa shati. Akasimama.

"Mbukwa, binti wa mbao," mama yake alisema alipofika mbele yangu.

"Mbukwa, mama," nilijibu.

"Jirani amenifundisha. Anasema nalitamka kama mtu mwenye mafua." Akanikabidhi mzigo. "Nimekuja na mwenzangu. Mtundike, mikono imechoka. Dereva wa bajaji alitaka kumweka nyuma kwenye buti, nikamwambia huyu haendi nyuma."

Nilifungua kanga. Nikaitundika picha kwenye msumari wake, nikainyoosha. Niliporudi nyuma, yeye alikuwa amesogea na kusimama kando yake, ametazama mbele, na kwa mara ya kwanza nilielewa nilichokichonga. Kovu la kulia pichani na kovu la kushoto mwilini yalikuwa yamekutana katikati. Walikuwa wanatazamana na sisi kama mtu aliyesimama pembeni ya kioo chake mwenyewe, na yule wa pichani alikuwa anacheka.

Hakuna aliyepiga makofi. Masudi alivua kofia.

"Chapa nyingine," mama Evodia aliniambia. "Nasikia zinapewa namba. Namba moja ni yangu. Na moja iende Mbinga, kwa mawifi zangu, wale walioniambia nisitoke mchana."

Mwalimu Batholomeo alitoa kalamu akaandika haraka haraka kwenye kiganja, kwa kuwa hakupata karatasi. Castory naye alitoa simu ampige mama yake picha. Bila kufikiri, miguu yake ikampeleka upande wa kulia, kule alikosimama maisha yake yote.

"Rudi huku," mama yake alisema.

Akarudi. Alipofika kushoto kwake aliinua simu, akaishusha, akafuta macho kwa mkono wa shati la bluu, akaiinua tena. Mama yake alimsubiri. Hakugeuza shingo.

"Ukimaliza kulia," alimwambia, "mpigie baba yako mkubwa. Mwambie ile barua mbona anachelewa kuiandika. Wazazi wa watu watadhani tumebadili mawazo."

Castory akaitia simu mfukoni. Alinijia pale pale mbele ya mama yake, mbele ya mwalimu wangu na kwaya na binti wa sanaa ya kisasa, akaushika mkono wangu wenye wino, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Nilitaka kumwambia aangalie, wino wa asubuhi haujakauka vizuri, utamchafua. Lakini alikuwa amekwisha kuona, maana doa la kidole changu lilikuwa tayari kwenye pindo la mkono wa shati lake, na hakuachia.